"Is" au "are"? Kiima chenye vichwa viwili kinapokukorofisha kwenye Kiingereza

Korosho zikianza kudondoka, mwezi wa kumi hivi, twisheni yangu ya jioni hapa Mtwara mjini hupungukiwa watoto. Wengine wanakuwa wamekwenda kuokota kwa bibi zao Newala na Tandahimba. Wanaobaki ni wa kidato cha nne, maana mtihani wa taifa unakuwa umeshapiga hodi. Ndipo madaftari yanapojaa mezani, na ndipo ugonjwa ninaouandikia leo unapojitokeza: sentensi ina watu wawili au vitu viwili mwanzoni, na mwandishi hajui kitenzi akipe umoja au wingi. Vitabu vya sarufi vinakiita kiima hicho kiima ambatani. Mimi darasani naita kiima chenye vichwa viwili, wananielewa haraka zaidi.

Watu wazima nao wanao. Huniletea barua za kuomba kazi bandarini, taarifa za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), maombi ya ufadhili, na makosa ni yaleyale ya watoto, ila yamevaa suti.

Tafuta hapa chini sentensi inayofanana na yako, soma chanzo chake, rekebisha. Ila shika jambo moja kabla hujaanza. Makosa haya mengi si uvivu. Ni Kiswahili chetu kinachofanya kazi yake vizuri mahali ambapo Kiingereza kimeamua vingine. Pengine ukirudi kwenye Kiswahili utapona, pengine utapotea kabisa, na nitakuwa nakuambia wapi ni wapi.

Dalili: "My uncle and his son goes to the beach every morning"

Hii ndiyo ninayoiona kuliko zote, na mwenye kosa ni herufi moja, s. Kwenye nomino, s ni alama ya wingi: "boat" ni moja, "boats" ni nyingi. Mtoto ameimbishwa hivyo tangu shule ya msingi. Akifika kwenye kitenzi anapiga hesabu: mjomba mmoja, mwanawe wa pili, jumla wawili, basi ni wingi, weka s. Hesabu yake haina kasoro. Alama ndiyo iliyomgeuka, kwa sababu kwenye kitenzi cha wakati uliopo s ni ya mmoja: "he goes", "she goes", "the boat goes". Wakishakuwa wawili s inaondoka, "My uncle and his son go".

Tumezoea kitenzi kubeba kiambishi mbele: anakwenda, tunakwenda, mnakwenda, wanakwenda. Kimakonde, Kimwera na Kiyao, lugha ambazo wengi wa huku wamelelewa nazo, ni za Kibantu na mwendo wake ni huohuo. Kiingereza kimepoteza karibu vyote hivyo. Kimebakiza mkia mmoja, huo s, tena kimeuning'iniza nyuma. Ukiacha "have" na "has", na kile kitenzi kikorofi chenye "am", "is", "are", "was" na "were", hakuna pengine pa kuangalia.

Tiba yake ni "they". Chukua kiima chote, kitoe, weka "they" mahali pake, kisha soma kwa sauti. "They goes" inakwaruza masikio hata ya mtoto wa darasa la sita. Ukiwemo wewe mwenyewe, weka "we": "My mother and I sell ming'oko at the bus stand", yaani "we sell". Kwa Kiswahili ungelazimika kuchagua tunauza, mnauza au wanauza kutegemea nani kaungana na nani. Kwa Kiingereza wote ni "sell". Nafuu kama hii haiji mara nyingi, ichukue.

Waingereza wana msemo wa zamani ambao wavuvi wa Mikindani wangeupenda: "Time and tide wait for no man". Vitu viwili, "wait", bila s. Nawapa watoto waukariri, maji kupwa na kujaa wanayaona kila siku.

Kuna na mtego wa pembeni. "Mathematics", "Physics" na "news" yana s mwishoni lakini ni umoja. Hapa niliwahi kuumbuka. Nilimwandikisha fundi bango la twisheni: "English and Mathematics is taught here". Akilini nilikuwa nimeishikilia "Mathematics" na umoja wake, nikasahau kwamba pembeni yake imekaa "English". Bango lilikaa barabarani wiki mbili. Siku ya siku kijana wa kidato cha pili akasimama mlangoni. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. "Samahani mwalimu, pale nje si masomo mawili?" Fundi alilipwa tena.

Ujue pia kwamba ugonjwa huu hujificha. Sentensi ikiwa ya wakati uliopita, au ikiwa na "will", "can" au "must", kitenzi hakibadiliki: "went" ni ya mmoja na ya wengi. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kuandika insha nzima ya likizo iliyopita bila doa, kisha aanguke kwenye barua ya maombi. Wapo wanaokimbilia humo makusudi. Chumba cha mtihani ni chumba cha mtihani, siwalaumu, ila "was" na "were" zitawakamata.

Dalili: "The captain together with his crew were waiting"

Hapa ndipo wino wangu mwekundu unapokwisha, na hapa Kiswahili kinakupoteza.

Ukisema "Nahodha pamoja na mabaharia wake wamefika", hakuna atakayegeuka kukutazama. "Pamoja na" imeongeza watu, na kitenzi kimewahesabu wote. Hata "na" peke yake kwetu ina kazi mbili. "Nahodha na mabaharia wamefika" ni kuunganisha. "Nahodha amefika na mabaharia" ni kusindikiza. Neno ni hilohilo, mahali lilipokaa ndipo panapoamua.

Kiingereza kimegawa kazi hizo kwa maneno tofauti. "And" ndiyo inayounganisha. "Together with", "along with", "as well as", "in addition to", na hata "with" ya kawaida, husindikiza tu, na msindikizaji hahesabiwi. Kwa hiyo ni "The captain, together with his crew, was waiting". Mabaharia wangekuwa hamsini, bado ni "was".

Ubaoni huwa nachora nahodha amesimama kwenye gati la kivuko cha Msangamkuu, halafu nawachora mabaharia ndani ya mabano. Nashika dasta, nafuta mabano na vilivyomo. Nauliza, aliyebaki ni nani? Kwenye daftari fanya hivyohivyo kwa kidole: funika kuanzia "together with" mpaka neno la mwisho kabla ya kitenzi, kisha soma kinachoonekana.

Binti mmoja aliniuliza swali ambalo nililipenda: "Sasa mwalimu, hao mabaharia kwani hawakungoja?" Walingoja. Sarufi haiwanyimi kungoja, inawanyima kuhesabiwa. Ukitaka wahesabiwe, waungie kwa "and": "The captain and his crew were waiting". Na kusema kweli, mara nyingi hiyo ndiyo sentensi nzuri zaidi. "As well as" inapendwa mno kwenye barua za ofisi kwa sababu inaonekana ya kisomi. Barua nyingi ninazoletewa zingepona siku hiyohiyo kama mwenyewe angeitoa na kuweka "and".

Dalili: "The price of cashew nuts and sesame have gone up"

Hapa geuka urudi nyumbani, Kiswahili kitakuokoa. Isome upya: "Bei ya korosho na ufuta imepanda." Umeshaona? Ni "bei ya", na kitenzi kikaitikia "imepanda". Kama ungesema "bei za", kitenzi kingeitikia "zimepanda". Mkulima aliyekaa mnadani hakosei hapo hata akiwa na usingizi, kwa sababu ya na za zinamwonyesha kichwa cha sentensi kiko wapi.

Kiingereza hakina ya wala za, kina "of" moja kwa wote. Mwandishi anapofika kwenye kitenzi, masikioni bado yanalia "nuts and sesame", anadhani hivyo ndivyo vilivyopanda. Hapana, kilichopanda ni "price", nayo ni moja: "The price of cashew nuts and sesame has gone up". Ikiwa "prices", basi "have".

Yaani "and" ikikaa ndani ya "of" au "between", haikuhusu. "The road between Mtwara and Lindi passes through Mikindani": miji miwili, barabara moja, "passes". Geuza upande wa pili: "The ruins of Kilwa Kisiwani and Songo Mnara attract visitors". Hapa ni wingi, lakini hausababishwi na visiwa viwili. Futa Songo Mnara, bado utaandika "The ruins of Kilwa Kisiwani attract", kwa kuwa magofu yenyewe ndiyo wingi. Na kwa anayetoka Lindi mwenye haja ya kuyaandikia insha: magofu hayo yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mtahini hupenda mwaka ukikaa sawa.

Dalili: huna hakika kama ni viwili au ni kimoja

Nenda stendi mchana, muulize mama ntilie. Atakujibu, "Wali maharage umekwisha." Hatasema vimekwisha. Kwake hiyo ni sahani moja yenye bei moja. Lakini masufuria mawili yakiwa jikoni na moto ukazidi, atasema, "Wali na maharage vimeungua." Kiingereza nacho kinafikiri hivyo. "Rice and beans is my usual lunch", kwa maana ya chakula kimoja. "Rice and beans grow in different fields", kwa maana ya mazao mawili. Waingereza wenyewe husema "fish and chips is", "bread and butter is", "law and order is", na hawakosei.

Kwa watu hali ni ya hatari zaidi. Niliwahi kupewa barua ya chama kimoja cha ushirika niisahihishe. Iliandikwa "The secretary and treasurer is coming on Monday". Nikaona "and", nikaona "is", nikafurahi kama mvuvi aliyeona kundi la dagaa. Nikafuta, nikaweka "are". Sikuuliza. Kumbe pale chamani katibu ndiye huyohuyo mweka hazina. Jumatatu wenyeji wakawa wamelipia vyumba viwili, akashuka mtu mmoja na begi lake. Kosa lilikuwa langu, barua ilikuwa sahihi kabla sijaigusa.

Hesabu "the". "The secretary and treasurer is": "the" moja, mtu mmoja, vyeo viwili. "The secretary and the treasurer are": "the" mbili, watu wawili. Kipimo hiki si cha kuapia. "My father and mother are at home" ina "my" moja, na hakuna atakayedhani baba ndiye mama. Pale ambapo mtu mmoja anaweza kweli kushika vyeo vyote viwili, muulize aliyeandika. Ndilo somo nililolipia chumba, maana nilirudisha ile pesa.

Dalili: "Neither the buyers nor the chairman were at the auction"

Kiswahili hakina msaada hapa. Sisi tungesema "Wanunuzi hawakuwepo, mwenyekiti naye hakuwepo" tukaendelea na mambo yetu. Kiingereza kina kanuni: kwenye "or", "either … or", "neither … nor" na "not only … but also", kitenzi kinamfuata aliye karibu naye. Aliye karibu ni "chairman", kwa hiyo "was".

Ni sahihi, ila haina ladha. Wanunuzi wengi wamekaa mbele, halafu "was". Zungusha, aliye wingi umlete nyuma: "Neither the chairman nor the buyers were at the auction". Kanuni imetimia na sikio limetulia. Wote wakiwa mmoja mmoja hakuna vita, "Either the nurse or the doctor is on duty". Ukija "I" karibu na kitenzi, "Neither my sister nor I am going", sarufi imesimama lakini sentensi inachechemea. Mimi ningeandika "My sister is not going, and neither am I".

Utawasikia Waingereza redioni wakitia wingi kwenye "neither … nor" bila wasiwasi. Wao hawafanyi mtihani wa kidato cha nne. Wewe fuata wa karibu. "Both … and" ni kitu kingine kabisa, hiyo ni wingi siku zote.

Dalili: "Every farmer and every buyer have a receipt"

Haraka haraka. "Kila mkulima na kila mnunuzi ana risiti yake." Umesema "ana" bila kufikiri. Basi "has". "Every" na "each" zikitangulia, umoja unashinda hata "and" ikiwepo. Ila "each" ikirudi nyuma ya majina inapoteza nguvu: "The farmer and the buyer each have a receipt". Hiyo "have" ni sahihi, usiiguse.

Dalili: "There is a mat and two chairs on the veranda"

"Kuna mkeka na viti viwili." Neno kuna halijali umoja wala wingi, kwa hiyo watoto wanaishika "there is" kama neno moja lisilobadilika na kuipeleka kila mahali. Kwenye Kiingereza rasmi, kiima kiko nyuma ya kitenzi na ni vitu vitatu, hivyo "There are a mat and two chairs". Lakini hiyo nayo inasikika vibaya, na wenye lugha wengi husema "there is" wakiona kinachofuata mara moja ni kimoja. Hata wanaoandika vitabu vya sarufi hawasemi kwa sauti moja. Usiingie kwenye ugomvi usiokuhusu. Anza na wingi: "There are two chairs and a mat on the veranda". Hakuna msahihishaji wa kukukata.

Zoezi moja la kufanyia kazi

Yule binti wa mabaharia aliniletea aya hii juzi, anaeleza kazi ya nyumbani kwao Tandahimba:

"My father and my uncles grows cashew nuts. The picking, as well as the drying, take many days. Neither my father nor my uncles owns a tractor. There is a store and three drying mats in our compound. Each man and woman in the family have a job. Roasting the nuts and shelling them takes patience."

Tuliketi barazani tukaipitia kwa penseli. Ya kwanza aliiona mwenyewe, "they grows" haiendi, akakata s ikabaki "grow". Ya pili nilimwambia afunike. Akafunika "as well as the drying" kwa kidole gumba, ikabaki "The picking", akaongeza s: "takes". Alishangaa kidogo kwamba amefuta s kwenye moja na kuirudisha kwenye nyingine. Ya tatu, aliye karibu ni "uncles", hivyo "own". Ya nne akageuza mpangilio, "There are three drying mats and a store", jambo ambalo sikuwa nimemwambia. Ya tano alitafsiri kimoyomoyo, midomo inacheza, "kila mwanamume na mwanamke ana", akaandika "has".

Ya sita sikuigusa, akaona.

"Mwalimu, hii hujaisahihisha."

Nikamweleza kwamba hapo inategemea. Kuchoma korosho na kuzibangua kama unaziona ni kazi mbili tofauti, andika "take". Kama kwako ni kazi moja yenye hatua mbili, iache "takes". Zote zinakubalika.

"Kwetu ni kazi moja," akasema. "Bibi anachoma, mimi nabangua."

"Sasa hizo si mbili? Mtu huyu na mtu huyu."

Akafikiri, penseli mdomoni. "Ila akiacha kuchoma mimi nakaa bure." Akaiacha s palepale, akafunga daftari.